Kabla ya kumpa kijana ufunguo wa skuta

JUMAMOSI iliyopita, mpenzi msomaji, mpwa wangu alinijia nyumbani asubuhi na mapema. Akaketi kwa adabu ambayo si kawaida yake, akanywa chai kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, lakini lililomleta hakulisema. Nami nikamtazama tu. Ukimwona kijana wa chuo amenyamaza mbele ya chai na mahamri, jua kuna ombi linachemka.

"Mjomba," akasema hatimaye, "naomba uniazime ile skuta yako wakati huu chuo kimefungwa. Nitamsaidia mama kupeleka mandazi kwenye vibanda, na nikirudi nipitie duka la jumla nimchukulie unga. Leseni ninayo, na kuendesha najua."

Lilikuwa ombi jema. Mama yake, ambaye ni dada yangu, huamka saa kumi za alfajiri kukanda unga, na nauli ya kusafirishiwa mizigo humla nusu ya faida. Hata hivyo, kabla sijamjibu macho yangu yaliteremka yenyewe hadi kwenye mguu wake wa kulia. Alikuwa amevaa kaptura. Kwenye shavu la mguu huo lipo kovu linalong'aa, refu kama kidole cha mtu mzima. Kovu hilo ni la skuta, na skuta yenyewe ilikuwa yangu.

Ilikuwa mwaka wa 2011, naye alikuwa mtoto wa miaka 4. Nilikuwa nimetoka Marikiti na gunia la kabichi nyuma ya skuta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na nje ya lango la ploti palikuwa matope matupu isipokuwa ukingo mmoja wa saruji. Nikaegesha kando ya ukingo huo, na stendi ya pembeni nikaiweka juu ya saruji ili isizame. Nilijiona mwerevu. Sikukumbuka kwamba stendi ikikanyaga mahali pa juu, skuta haiwezi kuinamia upande wa kushoto kama ilivyoundwa. Husimama wima kama mlevi aliyeambiwa na polisi asimame sawasawa, na kinachotakiwa ni kidole tu ili ianguke upande wa pili.

Nikapanda ngazi kwenda kumwita mtu anisaidie kuteremsha gunia. Sikufika mbali. Nilisikia kishindo, halafu kilio.

Mtoto alikuwa ameshika usukani kutoka upande wa kulia, akitaka kupanda awe dereva kama mjomba wake. Skuta ikamlalia. Bahati yake ni kwamba gunia lilifika chini kwanza likauzuia ule uzito. Lakini bomba la moshi, ambalo lilikuwa bado na joto la safari nzima kutoka mjini, liligusa mguu wake.

Tangu siku hiyo familia nzima imekuwa ikisema kwamba kovu lile ni la utundu. Nami nimewaacha waseme. Jumamosi iliyopita, mbele ya kikombe cha chai, niliona kwamba siwezi kumpa kijana huyu ufunguo kabla sijampa ukweli. Basi nilimwambia: "Skuta utaipata, lakini leo huendeshi. Leo utajifunza kuiegesha na kuipakia." Niliyomwambia yeye ndiyo ninayokuandikia wewe, kwa maana najua nyumba nyingi mjini zina kijana kama huyu na skuta kama hii.

Kwa nini skuta si kama pikipiki

Skuta maarufu ya Vespa ilianza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio mwaka wa 1946 katika mji wa Pontedera, Italia. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Alitaka chombo ambacho mtu atakipanda bila kurusha mguu juu na bila kuchafuliwa na grisi. Kwa hiyo aliisogeza injini nyuma kabisa, karibu na gurudumu, na mbele akaacha sakafu tupu ya kuwekea miguu.

Hadi leo skuta nyingi zinafuata umbo hilo, na humo mna mambo matatu ambayo mwenye skuta hana budi kuyajua. Kwanza, uzito wa injini uko nyuma. Ukikaa kitini unaongeza wako hukohuko nyuma, na ukipakia keria unaongeza mwingine tena. Pili, magurudumu ni madogo. Skuta nyingi zina magurudumu ya inchi 10 au 12, ilhali pikipiki nyingi za bodaboda zina ya inchi 17 au 18. Shimo ambalo pikipiki hulipita kwa mtikiso, skuta huliingia.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, skuta za kisasa hazina gia za kubadilisha. Mwenye pikipiki akiegesha mahali pa mteremko huiacha ndani ya gia ya kwanza, na injini ikalishikilia gurudumu. Vespa za zamani zenye gia za mkononi nazo huweza kuachwa hivyo. Lakini skuta isiyo na gia, ukishaizima injini, gurudumu lake la nyuma huwa huru kama la baiskeli. Hakuna kinachoizuia isibiringike ila stendi na busara yako.

Stendi mbili, kazi mbili

Skuta nyingi zina stendi mbili. Ile ya pembeni ni ya kusimama kwa muda mfupi, tena bila mzigo. Ile ya kati, yenye miguu miwili, ndiyo ya kuegesha kwa muda mrefu na ndiyo ya kupakia.

Kijana wangu alidhani stendi ya kati yahitaji nguvu za mbeba magunia. Nikamwonyesha. Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike chuma kilicho nyuma ya kiti. Ishushe stendi kwa mguu wa kulia mpaka uhisi miguu yake yote miwili imegusa ardhi. Kisha kanyaga kwa uzito wa mwili wako wote huku ukiielekeza skuta nyuma na juu. Mguu ndio unaofanya kazi. Ukiona mgongo unauma, ujue umevuta mahali pa kukanyaga.

Penye mteremko, egesha skuta ikitazama juu. Stendi zote mbili hujikunja kuelekea nyuma, kwa hiyo skuta inayotazama chini ikisogea mbele kidogo tu, stendi hujikunja na chombo kikaanguka. Kama skuta yako ina kitasa kidogo cha kufungia breki, kitumie. Kama haina, chukua kipande cha mpira ufunge mkono wa breki ya mbele ukiwa umebanwa. Mteremko ukiwa mkali, usiegeshe hapo. Sukuma mpaka upate tambarare.

Tazama pia ardhi. Udongo uliolowa humeza stendi polepole. Wewe unaondoka ukiiona skuta imesimama vizuri, na nusu saa baadaye imelala. Hata lami hulainika kwa jua kali la mchana, na wasomaji wetu wa Mombasa wanalijua hilo. Weka chini ya stendi kipande cha ubao au bati nene. Mimi huweka kimoja chini ya kiti siku zote. Lakini kiwe cha kuzuia kuzama tu, si cha kuinua stendi kama ule ukingo wangu wa saruji.

Ukishaegesha, zima injini na utoe ufunguo, hata kama unaingia dukani kununua kiberiti tu. Skuta isiyo na gia ikiachwa inanguruma, mtoto akizungusha mkono wa mafuta, itaruka mbele. Skuta za umeme zinazoonekana mijini siku hizi ni hatari zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa hazina hata ngurumo ya kukuonya kwamba hazijazimwa. Tena, upande wenye bomba la moshi uelekeze ukutani, mbali na njia ya watoto.

Mizani kabla ya kamba

Wahenga walisema mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Skuta nayo ni mwenzako. Mzigo wake huuhisi wewe. Ndiyo maana nilimwomba kijana alete kalamu na karatasi kabla ya kuleta kamba.

Kitabu cha skuta hueleza uzito wa juu inaoweza kubeba, na uzito huo humjumuisha dereva mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme kitabu chako kinasema kilo 130. Mpwa wangu ana kilo 62. Robota moja la unga, yaani paketi 12 za kilo 2, ni kilo 24. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 hufika kama kilo 19 pamoja na mtungi wenyewe. Jumla ni kilo 105, na hapo safari ni njema. Lakini yeye alikuwa amepanga kubeba marobota mawili. Jumla ingekuwa 129, na bado hatujahesabu kreti, helmeti na mnyororo wa kufungia. Nikamwuliza, "Na mama akikuomba umpe lifti?" Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Mahali pa kuweka mzigo ni muhimu kama uzito wake. Fikiria pembea ya watoto, ubao mrefu uliokaa juu ya gogo. Mtoto mzito akikaa upande mmoja, wa upande wa pili hupaa. Gogo la skuta ni gurudumu la nyuma. Kila kilo unayoipakia nyuma ya gurudumu hilo huinua gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalokata kona na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi kama wa mchezo, umepakia vibaya. Simama upange upya.

Kwa hiyo vizito vikae chini na karibu na katikati. Nafasi iliyo chini ya kiti hutangulia. Sakafu ya miguu yaweza kuchukua robota la unga, mradi miguu yako ibaki mahali pake na usukani ugeuke mpaka mwisho pande zote mbili bila kugusa kitu. Ikiwa itakubidi uning'inize miguu nje, mzigo huo si wa safari hiyo. Keria ya nyuma ni ya vitu vyepesi kama mandazi, mkate na sufuria tupu. Ndoano iliyo mbele ya magoti ni ya mfuko mdogo. Kwenye usukani usitundike kitu kamwe, kwani huvuta mkono upande mmoja na huweza kubana mkono wa breki.

Vya majimaji vina hila zao. Mtungi uliojaa nusu huchezacheza; ukipiga kona maji hukimbilia upande mmoja na kukuvuta. Jaza mpaka juu, funga kifuniko, au usibebe. Mtungi wa gesi nao usikudanganye kwa jina lake. Ule wa kilo 13, ukijaa, pamoja na chuma chake hukaribia mara mbili ya uzito huo. Mwachie muuzaji mwenye gari la kazi hiyo akuletee nyumbani.

Kwa kufunga, ile mipira inayokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu za magari bado haijapata mshindani kwa bei, ila uikague kila mara. Ikiwa na nyufa, itupe. Funga kwa kukatisha, mpira mmoja kutoka kushoto kwenda kulia na mwingine ukiupita kama msalaba, na ncha zote uzifutike ndani. Ncha inayoning'inia hutafuta gurudumu. Mzigo usipanuke kuliko usukani, wala usifunike taa ya nyuma, taa za kona wala nambari ya usajili. Ukishafunga, tikisa mzigo kwa mikono miwili. Skuta ikitikisika pamoja nao, umefunga vyema. Ukitikisika peke yake, fungua uanze tena. Ukishakwenda kama kilomita moja, simama ukague.

Upakie skuta ikiwa juu ya stendi ya kati, mahali tambarare, ukianza na vya chini. Ukifika, teremsha kwanza vya juu na vya nyuma. Na kabla ya kuondoka, pima upepo wa matairi yakiwa hayajapata joto. Kitabu hutaja kipimo cha dereva peke yake na kile cha mzigo au abiria, na vipimo hivyo aghalabu si sawa.

Mtoto si mzigo

Hapa nataka wazazi wanisikilize. Kila asubuhi shule zikiwa zimefunguliwa, naona mtoto amesimama kwenye sakafu ya skuta, mbele ya magoti ya baba, na mwingine amekaa nyuma. Baba anaona amewakumbatia wanawe. Lakini akifunga breki ghafla, mtoto wa mbele hugongwa na usukani kwa kifua au kwa meno, huku uzito wa baba ukimjia mgongoni.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina utata kuhusu jambo hili. Pikipiki ya magurudumu mawili huchukua abiria mmoja tu pamoja na dereva. Abiria huyo hukaa nyuma ya dereva, miguu huku na huku, juu ya kiti kilichofungwa imara. Mtoto ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio hajafikia umri wa kupanda. Na awe na helmeti inayomkaa. Ile ya baba humpwaya.

Abiria hupanda mwisho, stendi ikiwa imekunjwa na dereva ameshika breki zote mbili. Akiteremka, huteremka kwanza, kabla ya stendi kushushwa. Mwenye leso, buibui au shali ndefu aikusanye mapajani aikalie, kwani gurudumu halichagui nguo.

Ngazi si gereji

Najua hofu ya wezi. Katika majumba yetu ya ghorofa, wengi huingiza skuta usiku chini ya ngazi. Lakini ndani yake mna petroli, na ngazi ndiyo njia ya pekee ya watu wa ghorofa zote kutokea moto ukizuka. Wakubaliane wapangaji na mwenye nyumba juu ya mahali pa uani penye taa, wafunge pete ya chuma katika saruji, na kila mtu awe na mnyororo wake. Mnyororo upite kwenye mwili wa skuta na pete hiyo. Ukiupitisha kwenye gurudumu peke yake, mwizi atakuachia gurudumu. Piga na kufuli ya usukani pia. Asubuhi ondoa mnyororo kwanza kabla ya kuwasha.

Na yakitokea ya kutokea, mtoto akaungua kwa bomba la moshi, mpeleke kwenye bomba la maji papo hapo. Maji ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Ni muda mrefu kwa mtoto anayelia, lakini usiukate. Usiweke barafu, dawa ya meno, siagi wala yai. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha mwende hospitalini. Siku ile jirani yetu alikuja mbio na dawa ya meno, nasi tukapaka kwa moyo mweupe. Leo najua tulipaswa kufungua mfereji.

Jua lilikuwa limepanda tulipomaliza. Kijana alikuwa ameiweka skuta juu ya stendi ya kati mara 10, ameipakia na kuipakua mara 3, na shati limemganda mgongoni. Ndipo nikamwambia kuhusu ukingo ule wa saruji, na kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo.

Hakushangaa. "Mjomba," akasema huku akifuta jasho, "mama aliniambia zamani. Aliiona skuta kupitia dirishani ulipoiegesha. Alisema tusikutajie, utalitaja mwenyewe siku moja."

Nikampa ufunguo. Kabla ya kuondoka aliizunguka skuta, akaitikisa mizigo, akatazama chini ya stendi. Halafu akaingia nyumbani kwangu tena, akarudi na kile kipande cha ubao nilichokuwa nimekisahau mezani, akakitia chini ya kiti.

Nawe, msomaji wangu, ukimaliza kusoma ukurasa huu, toka nje uitazame skuta yako ilivyosimama. Jiulize ni nani mdogo anayepita hapo. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.